Umepangiwa thieta Kasulu? Tuhesabu kushuka

Umepangiwa rotesheni ya upasuaji Kasulu au Kibondo. Hongera, na pole. Darasani ulishakariri tabaka zote za ukuta wa tumbo. Huku utaanza na tabaka za sweta. Hizi ni nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, baridi ya Juni haina masihara, na mwenzako aliyesikia "Kigoma" akafungasha bukta za kuogelea ziwani atakuazima kila kitu isipokuwa blanketi.

9. Kunawa. Kucha kwanza, halafu vidole, halafu hadi viwiko, mikono ikiwa juu ili maji yashukie kwenye kiwiko na siyo kurudi kwenye vidole. Ukishavaa glovu, pua itaanza kuwasha. Haijawahi kuwasha kabla ya glovu. Usijaribu: sista wa thieta anaona hata wazo la kujikuna.

8. Kunywa chai. Anayezimia thieta mara nyingi ni yule aliyesema "nitakula baadaye". Kiporo cha maharage kimesimamisha matabibu wengi kuliko ujasiri.

7. Cheo chako ni mshika retrakta. Ukiulizwa "unaona?" jibu ni "ndiyo daktari", hata kama unachokiona ni kwapa la daktari. Lakini usidharau kazi yenyewe. Kwenye operesheni ya uzazi, kile chuma kipana unachoshikilia kinakiweka kibofu cha mkojo mbali na kisu. Mkono ukichoka, sema umechoka. Hakuna atakayekucheka, au watakucheka baadaye kidogo, mkinywa chai.

6. Mafundo. Fungia kwenye chaga ya kitanda, kwenye tundu la kifungo, kwenye sikio la kikombe. Fundo likiteleza kwenye kikombe, litateleza kwenye mshipa wa damu.

5. Lugha. Kiswahili chako cha Dar kitakufikisha stendi, wodini kitaishia mlangoni. Bibi anaeleza kwa Kiha, dakika tano nzima, kwa mikono na kwa macho, na wewe unaandika: "Maumivu ya tumbo." Mama wa usafi anaegemeza fagio. "Amesema yalianzia kitovuni, usiku yakahamia chini kulia, na tangu jana hataki hata kuona chakula." Hapo umepewa kidole tumbo chote, na aliyekupa ni mtu mwenye ndoo. Huyohuyo mama atakutafsiria na Mrundi mkimbizi, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Akija Mkongomani wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyopo tangu 1996, utafurahi kusikia Kiswahili. Utaelewa robo tatu. Ugonjwa umo kwenye ile robo iliyobaki.

4. Umeme. Waliopita huku enzi za mashine za dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kufika mwaka 2022, watakusimulia operesheni walizomalizia kwa tochi. Wasikilize kwa heshima, kisha gawanya kwa mbili. Hata hivyo, tochi weka mfukoni.

3. Ketamini. Dawa hii imetumika kwa binadamu tangu miaka ya 1960, na hospitali za wilaya zinaipenda kwa sababu mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha haiporomoki. Tatizo ni macho: anabaki ameyakodoa darini kana kwamba anatafuta panapovuja. Akizinduka anaweza kuimba, kukemea, au kutaja wote wanaomdai. Ya thieta yabaki thieta. Na mheshimu sana mtu wa usingizi, yule uliyedhani anakaa tu kichwani kwa mgonjwa. Ninyi wengine wote mnatazama tundu; yeye peke yake ndiye anayemtazama mtu.

2. Simu ya saa nane usiku. Itakuwa ya leba, kwa sababu sehemu kubwa ya upasuaji wa wilayani ni wa wajawazito, na mtoto haangalii ratiba. Hapa mkoa huu una historia ya kuringia. Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa, Kigoma, walishusha vifo vya uzazi kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991, kwa hatua za bei nafuu, wakitumia kilichokuwapo. Miaka ile hapakuwa hata na simu ya mkononi ya kukuamshia. Halafu mwaka 2009 ukachapishwa utafiti uliofanyika katika mikoa ya Kigoma na Mwanza, Mbaruku akiwa mmoja wa waandishi. Uligundua kwamba operesheni nyingi za uzazi wilayani zilikuwa zinafanywa na madaktari wasaidizi, wale wasio na shahada ya udaktari, na hali za mama na mtoto hazikutofautiana na za waliopasuliwa na wenye shahada. Kwa hiyo ukimkuta daktari msaidizi mwenye mvi amesimama mezani saa nane na robo, ameshavaa glovu na wewe ndiyo kwanza unatafuta kofia, usimwulize alisoma wapi. Shika retrakta.

1. Kuhesabu. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ina vipengele 19, na mimi ningekubali usahau vingine vyote usiku mmoja kuliko usahau cha gozi. (Usisahau hivyo vingine.) Kabla ya kufunga tumbo, sista anahesabu kwa sauti. Zilitoka kumi, zimerudi tisa. Daktari anasimama na sindano hewani. Hata bingwa mwenye tiketi ya basi la asubuhi anasimama, kwa sababu sista hajasema ndiyo, na bila ndiyo yake tumbo halifungwi. Inatafutwa tumboni, kwenye ndoo, chini ya shuka, kwenye mikunjo ya gauni. Mtu wa usingizi anachungulia chini ya meza, anakohoa kidogo, anaonyesha kwa kidevu. Imenata kwenye soli ya kiatu chako. Sista anaiokota kwa koleo, anaiweka na wenzake, anakutazama, kisha anaanza upya: moja, mbili, tatu.