Mwenye Tabo Hana Haraka

Anayetaka kumwona mtu mwenye subira hapa Morogoro asihangaike kuzunguka misikitini na makanisani. Aje Kihonda jioni, atafute gari la chini lenye tundu juu ya boneti na bawa kwenye buti, limesimama mlangoni mwa nyumba linaunguruma, na ndani yake mwanamume mzima ameshika usukani wala haendi popote. Huyo ndiye mimi. Nimeshafika nyumbani, ila sijaruhusiwa kushuka.

Anayenizuia ni tabo. Wazo la tabo ni la kibahili, na ndiyo maana linavutia. Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905: moshi wa injini, ambao magari mengine huutupa tu, hapa hufanyishwa kazi kwanza. Unazungusha feni ndogo, feni hiyo iko kwenye shafti moja na mwenzake, na huyo mwenzake anashindilia hewa kwenye silinda. Hewa ikizidi, mafuta yanazidi, na moto unazidi. Shafti yenyewe inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Sasa ukitoka mbio ukazima ghafla, oili inasimama, na ile iliyobaki inaungulia palepale kwenye shafti mpaka iwe masizi. Kwa hiyo ukifika unakaa dakika moja, mbili, joto lishuke, ndipo uzime. Asubuhi ni hivyohivyo: oili ipate moto kwanza, ndipo uondoke. Gari la mbio lina foleni yake binafsi mwanzo wa safari na mwisho wa safari.

Majirani hawana habari za Büchi. Kwao, mwanamume aliyejifungia kwenye gari mbele ya nyumba yake mwenyewe anaongea na simu isiyopokeleka sebuleni. Mama mwenye genge mkabala na kwangu huacha kupanga mafungu ya nyanya ili asome midomo yangu. Mzee mmoja wa kanisa alipita akanikuta nimeinamisha kichwa, natazama sindano ya joto. Jumapili akanivuta pembeni.

“Ndugu yangu, nyumbani kwema lakini? Nakuona unasali sana kabla hujaingia.”

Mke wangu anaujua ukweli, na haujamsaidia. Hutokea mlangoni na mwiko mkononi.

“Baba watoto, chakula kinapoa.”

“Hata tabo nayo inapoa, mke wangu.”

“Basi ikishapoa, uile hiyohiyo.”

Ugonjwa huu wa kupenda magari ya mbio tumeurithi. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi likigawanywa bila upendeleo. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania aliyashinda mfululizo kwa Peugeot 404, gari la familia lisilo na tabo wala bawa. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica yenye tabo, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Rika langu tulikata picha zile magazetini tukazibandika ukutani, na tukapata hela wakati magari ya namna hiyo yameshazeeka na kushuka bei. Langu limetoka katika moja ya koo za Kijapani. Ukoo wenyewe sitautaja, kwa sababu maradhi yake ni ya uzee, na uzee si aibu ya ukoo.

Lilikuwa limekwisha kutumika kwao, likavuka bahari, likatozwa ushuru wa forodha na ushuru wa uchakavu juu yake, likapita mikono kadhaa kabla halijafika kwangu. Dalali aliapa kwamba mwenye gari ni mama mtu mzima aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani tu. Sijui ni kanisa gani hilo, maana tairi zote nne zilikuwa zimebaki waya. Na kwa kuwa ni gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne, halitaki tairi zilizotofautiana. Huwezi kununua moja mwezi huu na nyingine ukipata mshahara. Unanunua nne, au unaharibu gia boksi.

Lilikuja pia na mkazi wake. Kila nikiwasha, mama mmoja wa Kijapani aliyemo kwenye dashibodi hutoa tangazo kwa adabu kubwa. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea alikuwa akimwitikia “marahaba” kila asubuhi, akatusema mezani kwamba katika nyumba nzima ni binti yule tu aliyefundishwa kuamkia wakubwa. Jirani yetu mmoja aliyesoma Japani ndiye aliyetufungua macho: anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kwao barabara za mwendo kasi hulipiwa kwa kadi inayosomwa gari likipita. Mama yangu hakushawishika, akaendelea kuitikia. Nami siku hizi namheshimu yule binti, kwa sababu mpango wa barabara ya kulipia kutoka Kibaha kupita Chalinze hadi Morogoro umeshatangazwa, na katika nchi nzima sijaona mwingine aliyeanza kuulizia kadi mapema hivyo.

Mengine ya Kijapani nimeyazoea. Redio huishia masafa ya 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazimo. Kwenye kifuniko cha tangi kuna karatasi inayoomba petroli ya oktani 100, inayopatikana kwenye pampu za Japani. Nilimsomea kijana wa sheli.

“Bosi, hapa ipo ya kawaida tu. Hiyo nyingine si ya ndege?”

Sasa tuje kwenye mbio zenyewe. Morogoro ni njia panda: malori ya Zambia na Kongo yanapita kwetu, na ya Dodoma yanapita kwetu. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na ukipigwa tochi ni shilingi 30,000. Ukisema uende Iringa ukanyooshe miguu, unaingia Mikumi, hifadhi iliyokatwa na barabara kuu kwa kilomita 50 hivi, na humo mwisho ni 70, maana twiga na nyati nao wana safari zao. Dashibodi yangu imeandikwa hadi 180. Farasi zaidi ya mia mbili waliomo kwenye boneti hushinda wakisoma maandishi ya nyuma ya lori la shaba, huku bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mkaa ikitupita na kutupungia mkono.

Siku moja trafiki alinisimamisha nikiwa kwenye 40. Alilizunguka gari, akachungulia tundu la boneti, akainama dirishani.

“Kiongozi, gari kama hili unakwenda mwendo huo? Una mgonjwa?”

“Mgonjwa ndiyo hilohilo, afande.”

Akaniruhusu kwa huruma, akaniombea safari njema.

Gereji ninayokwenda iko chini ya mwarobaini. Fundi wangu ana kompyuta ya kusomea magari, ila hiyo anaitumia kuwatuliza wateja. Kazi yenyewe anaifanya kwa bisibisi ndefu: ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, macho anafumba. Hapo gereji nzima inanyamaza, mpaka kijana wa grinda anainua mkono. Ataisogeza ncha kwenye tabo, atairudisha kwenye silinda, atairudisha tena kwenye tabo. Kisha anafumbua jicho moja.

“Unasikia kafilimbi?”

“Sisikii kitu.”

“Shafti imeanza kucheza, bosi.”

“Itakuwa shilingi ngapi?”

“Tukifungua ndiyo tutajua.”

Sijawahi kusikia sentensi ya Kiswahili iliyo ghali kuliko hiyo. Ikishatamkwa unavuta benchi unakaa, na ukikaa unakutana na washauri, ambao kwenye gereji yoyote ni wengi kuliko mafundi. Mmoja anasema toa tabo hiyo, funga injini ya kawaida, ulale usingizi. Wa pili anasema uza, ukanunue kiwanja Kingolwira, kiwanja hakinywi oili. Wa tatu, ambaye hana gari, anajua tabo za Ulaya na za Japani kwa majina. Katika wote hao wa maana ni yule mzee mwenye pikipiki mbovu, aliyenifundisha kumwaga oili kila kilomita 5,000 bila kungoja iwe nyeusi, na kutogusa oili ya kupimiwa kutoka kwenye dumu hata akiuza shemeji yangu.

Spea hutoka Dar es Salaam, Gerezani. Muuzaji anatuma picha, mimi natuma hela kwa simu, kisha nakwenda stendi ya Msamvu kungoja basi, nikijifunza ratiba za kampuni zote. Gasketi ya kwanza ilifika ikiwa imefungwa vizuri kwenye gazeti. Fundi akaiweka juu ya injini, akaigeuza, akaigeuza tena. Nikampigia muuzaji.

“Bosi, ni ileile. Tofauti ni matundu tu.”

Ikabidi kijana wa gereji apande treni ya SGR akachague mwenyewe. Treni hiyo ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa. Kijana alikwenda asubuhi akarudi jioni ileile, gasketi kaipakata kwenye mfuko wa karanga. Nilipiga hesabu nikasikitika: gasketi ilikuwa imekimbia mwendo ambao gari lililoiagiza halijaufikia tangu liwe langu.

Kisha mjomba akaita. Anaishi upande wa Mgeta, juu huko Uluguru, na kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumjibu kwa ujumbe wa simu. Akikuita, unapanda. Unaiacha lami ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mlali, na baada ya hapo mlima unaanza kukuuliza maswali. Njia imechongwa ubavuni, mkono mmoja ukuta wa udongo mwekundu, mkono mwingine bonde lenye migomba inayoonekana kwa juu. Kila jiwe lilikuwa na neno na sampo yangu. Fuso zilizosheheni kabichi na karoti zikitelemka, asiye na mzigo ndiye anayerudi nyuma mpaka njia ipanuke, na nilirudi nyuma sana hivi kwamba kuna bibi mmoja aliyekuwa akipanda kwa miguu tukapishana naye kila kona.

Kwenye mwinuko mmoja nikakanyaga mafuta kidogo tu, nikaitegemea tabo. Ikatoka sauti, pshaaa! Nguvu zote zikaondoka, moshi mweusi ukabaki. Mpira mnene unaopeleka hewa ya tabo kwenye injini ulikuwa umechomoka. Watoto walitokea kwenye mashamba wasikoonekana, wakatoa hukumu kwa pamoja: “Imetoboka!” Mkulima mmoja akatua tenga lake la karoti, akakagua, hakuuliza tabo ni nini. Akafungua ukanda wa mpira wa baiskeli uliokuwa umefunga mzigo wake, akaurudisha mpira wangu mahali pake, akauzungushia ukanda ule mara nyingi, akikaza ncha moja kwa mkono na nyingine kwa meno. Alikataa hela, akaomba lifti ya karoti. Ukanda ule bado upo. Niliporudi mjini fundi aliuwekea bisibisi, akasikiliza, akasema, “Huu usiuguse.”

Mjomba alikuwa amekaa barazani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mbona mchana? Gari la abiria la asubuhi limeshafika na limeshageuza.”

Nikamweleza habari ya mpira na ya hewa. Akanyanyuka, akalitazama lile tundu la boneti.

“Mjomba, hili gari lina pua mpaka kwenye paji la uso, na bado unasema kuna kitu kinalisukumia pumzi. Sasa pumzi inaliishiaje?”

Nikajitetea kwa elimu. Milimani hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, lakini tabo hulifidia pengo hilo kwa kushindilia zaidi. Uluguru inapanda mpaka zaidi ya mita 2,600 pale Kimhandu. Kwa mujibu wa vitabu, mkoa mzima huu, mahali tabo inapostahili sifa zake ni hukuhuku kwake.

“Sasa umefika gia ya ngapi?”

“Ya pili, mjomba. Njia hairuhusu ya tatu.”

“Kwa hiyo nguvu unazo, ila zipo mahali usipoweza kuzitumia.”

“Ndiyo.”

Alicheka mpaka akakaa. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji; akasema hali hiyo anaifahamu vizuri.

Vijana hunisimamisha Msamvu wakitaka kujua kama wanunue. Nawaambia wanunue, ila waende kulitazama gari likiwa baridi. Washike boneti kwanza. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilitangulia kufichwa. Wakiwasha, wasimame nyuma: moshi wa bluu ni oili inayopenya, na moshi mzito mweupe usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua kwa siri. Tairi nne ziwe ndugu. Chini ya kifuniko cha oili kusiwe na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Na wamwangalie muuzaji. Akiwahimiza watoe jibu upesi kwa sababu kuna mteja mwingine yuko njiani, wamwache huyo mteja afike. Mtu aliyeitunza tabo vizuri kwa miaka mingi hawezi tena kumharakisha mtu.