Karai la Mama na Mawe ya Wifi

Wifi yangu wa Dar es Salaam akiona chochote cha kwetu Bungu ana neno moja: "Hiki tukibadilishe." Alishabadilisha mapazia, akabadilisha vikombe, na mwaka jana zamu ikaliangukia jiko la Mama. Kaka, ambaye kazi yake katika ndoa ile ni kulipa, akalipa.

Basi ikaja kaunta. Bamba jeupe pee lenye mishipa ya kijivu, urefu mita 3, upana sentimita 60, uzito usiopungua kilo 80. Lilipanda mlima kutoka Korogwe kwa kenta, limesimamishwa kwa ubavu na kufungwa kwenye fremu ya mbao, maana bamba la jiwe likilazwa chali kwenye barabara ya mashimo hupasuka kwa uzito wake lenyewe. Gari lilipokwama chini ya nyumba, vijana wanne wakalibeba mabegani likiwa limefunikwa blanketi, polepole kama jeneza. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani akasimama kando ya njia, akavua kofia, akauliza ni nani.

Mama akalipapasa, akashukuru. Wiki nzima hakuna aliyeruhusiwa kuliwekea hata kijiko.

Ila Mama hukaanga maandazi. Kabla ya alfajiri jiko la mkaa linawaka, na watoto wa shule wakipita wanakuta yako tayari. Asubuhi moja akaipua karai, akalitua pale alipozoea kulitua tangu nikiwa mdogo. Ikasikika sauti ndogo, ikafuata harufu ya plastiki. Alipoliinua, pakabaki duara la hudhurungi, lenye ukingo kama limechorwa kwa bikari.

"Mwanangu," akaniambia, "jiwe linaungua?"

Wifi akapigiwa simu, ikawekwa spika.

"Mama jamani, si mngeweka kitambaa chini?"

"Mkwe wangu, nilikuwa na meza ya mbao, nayo nilikuwa naiwekea kitambaa. Sasa hapa tumenunua nini?"

Jibu alilitoa Baba, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye hajapata darasa siku nyingi. Alisema lile ni jiwe la kiwandani: kwatzi iliyosagwa, kama sehemu 90 kati ya 100 kwa uzito, ikashikanishwa kwa gundi ya plastiki na rangi. Kwatzi haiogopi karai. Gundi inaogopa, nayo huanza kuharibika kwenye nyuzi kama 150, wakati mafuta ya maandazi hufika 180. Mishipa ile ya kijivu ilichorwa na mtu.

Wifi hakukata tamaa. "Basi tuchukue marumaru halisi, ya asili, haina gundi!"

Baba akaagiza vipande vya sampuli kutoka Tanga mjini, akavipanga mezani: marumaru nyeupe, graniti ya kijivu, na cha tatu alikibandua mwenyewe kwenye mwamba wa korongo la shambani. Hakimu akawa Mama, ambaye hakuhitaji vitabu. Alikata ndimu, ile ile ya achari, akakamulia kila kipande.

Kwenye marumaru vikatoka vipovu vidogo. Tulipopangusa baada ya chakula, mng'ao umekwenda. Ukipitisha kidole unausikia ukwaru pale ndimu ilipokaa. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na kugandamizwa ardhini, na asidi huila chokaa. Kuna dawa ya kupaka, lakini hiyo huzuia mafuta yasizame, ndimu haiizuii. Kisu nacho kiliacha mstari.

Graniti ikanyweshwa ndimu, ikasuguliwa manjano, ikawekewa karai la moto. Haikusema kitu. Ila tone la maji lililoachwa juu yake liliacha kivuli: nayo inakunywa, taratibu. Kwa hiyo nayo huhitaji dawa ya kuziba vinyweleo, na kupakwa tena siku ukiona maji hayasimami juu yake.

Kipande cha korongoni kilikuwa na mistari myeusi na myeupe, na vitone vyekundu vya garineti. Baba akasema mwamba wa milima yetu hii ya Usambara ulipikwa chini huko zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na kwamba madukani mawe ya namna hiyo huuzwa kwa jina hilo hilo la graniti.

"Kumbe tunalipia nauli ya jiwe tulilonalo?" Mama akauliza.

Tulilipia, maana korongoni hakuna msumeno wala mashine ya kung'arisha.

Fundi alipofika na grinda alitaka kulikata bamba la graniti palepale jikoni, pakavu. Baba akasimama mlangoni. Vumbi la mawe haya huingia mapafuni likatia makovu yasiyopona, na la jiwe la kiwandani ndilo baya zaidi kwa wingi wa kwatzi; Australia walilipiga marufuku tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi waliougua. Fundi akacheka, lakini akavaa barakoa. Akakatia uani, mimi nikimwagia maji kwenye msumeno mpaka kanga ikalowa tope jeupe.

Bamba la wifi halikutupwa. Lilihamia bafuni, na lile duara lililoungua ndipo palipotobolewa tundu la sinki. Huko linafaa kweli: halinywi maji, na hakuna anayekaanga maandazi bafuni. Kipande cha marumaru Mama anakisukumia chapati, kwa kuwa hukaa baridi na donge halinati.

Sikukuu ya Idi wifi akaja. Akamwona Mama anaipua karai na kulitua juu ya graniti kwa kishindo, bila kitambaa, huku akimtazama usoni. Wifi hakusema neno. Akaipapasa kaunta, akauliza bei, akaipiga picha.

Juzi Kaka kanipigia. "Mmemwambia nini mke wangu? Anataka tubomoe jiko."