Ukuta wa Plaiwudi

Huu ndio msimu wa watu kutuonyesha walichosoma. Mtu atakwambia mwaka wake wa 2025 ulikuwa wa riwaya za Kirusi na muziki wa jazi, nawe unabaki kujiuliza anaishi mtaa gani. Mimi naishi Mbotela, kwenye chumba cha mabati kilichobandikwa nyuma ya nyumba ya enzi za ukoloni, na kati yangu na majirani kuna plaiwudi tu. Kushoto yupo mtahiniwa wa KCSE na mama yake. Kulia yupo mzee mwenye redio. Nilichosoma, nilichotazama na nilichosikiliza mwaka mzima, wao ndio waliochagua.

Nianze na kushoto, maana huko ndiko nilikoelimika. Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, sijaigusa kwa mkono wangu, lakini nileteeni mtihani wake hata sasa hivi. Msichana aliisoma kwa sauti kila alfajiri, na wahusika wote, Sara mgonjwa, Yona mumewe mlevi, na mabinti zao, aliwapa sauti moja, ile ya kutangazia vifo redioni. Hilo peke yake ningelizoea. Tatizo ni kwamba mama yake alikuwa papo hapo anakanda unga wa chapati za kuuza, na hakuweza kumsikia Yona bila kumjibu.

"Nyamaza wewe! Mke anaumwa, wewe uko kwa pombe?"

"Mum, hiyo haimo kitabuni."

"Basi aliyeandika alisahau. Soma."

Hadi leo sijui vizuri ni maneno gani ya Arege na ni yapi ya mama huyo. Nikilazimishwa kupiga kura, ya mama yalikuwa makali zaidi. Kuna asubuhi msichana alisinzia katikati ya onyesho, kimya kikatanda, na mimi chai yangu ikapoa nikisubiri. Nikaona nigonge plaiwudi.

"Dada, samahani. Sara amefikaje hospitali?"

Aliyejibu ni mama. "Kumbe umekuwa ukisikiliza! Hii shule unayosoma bure, kijana, iko siku utailipia karo."

Tukacheka wote watatu, kila mtu upande wake. Sikujua kwamba mama anaweka kumbukumbu.

Upande wa kulia siku huanza na Patanisho. Kama hujawahi kuisikia, huna jirani. Ni kile kipindi cha asubuhi cha Radio Jambo ambapo Gidi na Ghost humpigia simu mke aliyetoroka, mume akiwa laini nyingine anaomba radhi, na nchi nzima inasikiliza kama atasamehewa. Mzee wangu huwa hangoji. Yeye hutoa hukumu mapema, kwa sauti, na mara nyingi huwa dhidi ya mume. Kisha hukata simu kichwani mwake, akaendelea kupiga mswaki.

Halafu tarehe 7 Februari akafariki Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyeanzisha kipindi cha redio cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na ambaye sauti yake Wakenya wa rika fulani wanaijua kuliko ya wajomba zao. Ndiye pia aliyelazimishwa na wanajeshi kutangaza mapinduzi ya Agosti 1982, mapinduzi yaliyokufa siku hiyo hiyo. Mzee aliomboleza kwa kukirithi kile kipindi. Kuanzia wiki ile hakuna aliyesalimika. Ukimwaga maji machafu mlangoni: je, huu ni ungwana? Ukianika nguo kwenye kamba ya mwenzio: je, huu ni ungwana? Kondakta wa Jogoo Road alimrudishia chenji pungufu, na abiria wote wakahojiwa kuhusu ungwana mpaka stejini.

Kwa kinyozi likazuka la jina. Vijana waliapa kwamba mtaa wetu uliitwa kwa heshima ya marehemu mtangazaji. Mzee akaunga mkono, jambo lililonishangaza, kwa vile umri wake ulimruhusu kujua zaidi. Mimi nikasema hapana, ni Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, ambaye aliuawa hapa Nairobi Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Ofafa naye, diwani ambaye jina lake limebebwa na Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, aliuawa mwaka uliofuata. Kinyozi akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mtu. "Kwa hivyo Eastlands yote tunaishi ndani ya matanga?"

Ili nipate ushahidi nikaenda mjini kwa wale wauza vitabu wa chini, ambao duka lao ni gunia na mteja ni lazima ainame. Sikupata kitabu cha Tom. Nilichookota ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, nakala iliyochakaa ambayo muuzaji aliipigia bei ya dawa. Kinasimulia jinsi watu walivyokamatwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza na kushushwa Freretown, Mombasa, kijiji cha walioachwa huru ambako ukoo wa kina Mbotela ulikulia. Ni kitabu kidogo na Kiswahili chake kitamu mno. Waingereza wanasifiwa humo hadi wao wenyewe wangeona haya. Nilikimaliza kwa usiku mmoja wa mshumaa, stima ikiwa imekatika kwa sababu tokeni ziliisha na mimi nikajifanya nimeamua kusoma.

Nilikipeleka kwa kinyozi kwa fahari. Mzee akakitazama jalada, akakigeuza, akasema, "Unaona? Mbotela. Si nilikuambia ni mtangazaji?"

Mei 28 akatutoka Ngũgĩ wa Thiong'o, na ghafla watu ambao hawajawahi kuniomba chochote ila chumvi wakataka kuazima vitabu. Nilikuwa na Shetani Msalabani. Ikachukuliwa na fundi wa viatu, fundi akampa shemeji yake, shemeji akampa mtu wa bodaboda, na iliponirudia ilikuwa imepungua unene. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Nilifanya uchunguzi wa kimyakimya uliokomea kwenye msumari wa choo cha ploti, ambako magazeti ya zamani hutundikwa kwa matumizi yanayojulikana. Sikuzikuta, ila niliukuta msumari mtupu, na kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi tosha. Kwa wasiojua, riwaya hiyo Ngũgĩ aliiandika kwa Kikuyu mwaka 1978 akiwa mfungwa Kamiti, juu ya karatasi za msalani. Ni vitabu vichache duniani vinavyoweza kudai kurudi nyumbani namna hiyo.

Kuhusu kutazama, sina mengi. Juni 25 nilitega runinga kwa kinyozi nione maandamano, lakini Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeagiza vituo viache kuyarusha moja kwa moja, na baadhi yavyo vikakatiwa mawimbi kabla Mahakama Kuu haijalisimamisha agizo hilo. Tukatazama kioo cheusi, kwa makini, kwa sababu tulikuwa tumeshakaa. Habari tulizipata kwa macho kuwasha kila upepo ulipovuma kutoka Jogoo Road.

Agosti ndiyo iliyokuwa na raha, na raha yenyewe niliipata kwa awamu. Mashindano ya soka ya CHAN yalikuja kwetu, Tanzania na Uganda, na mimi nikaamua kuyatazama kwenye simu, peke yangu, kwa amani. Sasa, simu hutumia intaneti, na picha hunifikia ikiwa imechelewa. Kwa kinyozi kuna ving'amuzi, navyo vina mwendo wao. Redio ya mzee haina subira hiyo. Siku ya Morocco, tarehe 10, mzee alipiga yowe, ukuta ukatetemeka, na mama wa kushoto akauliza ni nani amekufa. Baadaye kidogo kwa kinyozi wakalipuka. Kwenye simu yangu mpira ulikuwa ungali kati ya uwanja, kipa wa Morocco akijipangusa glavu kwa utulivu wa mtu asiyejua lolote. Nikamwonea huruma. Nilimngoja Ryan Ogam nikijua atafunga, nikajaribu kushangaa, nikashindwa.

Kipindi cha pili tulicheza na watu 10, na hapo nikagundua faida. Kila Morocco walipokaribia goli letu roho ilikuwa ikinitoka, kisha nakumbuka kwamba upande wa kulia kumetulia. Kimya cha mzee kilikuwa bima yangu. Tukashinda 1-0. Robo fainali na Madagascar, iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti, nilizima simu kabla ya mkwaju wa mwisho. Nilikuwa nimeshasikia redio ikitupwa kitandani.

Muziki nao, kama unapanda matatu za huku, unajua hali. DJ hakuachii wimbo ufike kiitikio cha pili, na ukianza kuupenda umefika unakoshukia. Nyimbo zote za mwaka nazijua nusu.

KCSE iliisha Novemba. Alfajiri ya kwanza bila Yona nililala hadi nikachelewa kazini. Nilianza hata kupanga riwaya, labda za Kirusi. Ndipo mama akabisha hodi, mkono mmoja una unga, nyuma yake amesimama kitinda mimba wake ambaye shule yao inafundisha muziki.

"Kijana, ile karo tuliyoizungumzia."

"Karo ya nini tena, mama?"

"Anahitaji filimbi ya shule. Nimepungukiwa kidogo tu."

Nilitoa. Alinishukuru sana, akaniombea baraka, na filimbi ikanunuliwa jioni hiyo hiyo. Hadi naandika haya, mtoto anapiga wimbo wa taifa. Amefika mstari wa pili, na huko hajatoka.