Mkwe Kutoka Baharini: Namna ya Kuishi na Kamba Mpanda Bila Kumuua

Mpanda tuna viboko, tuna mamba, tuna asali ya Inyonga na tumbaku ya kumwaga. Bahari hatuna, iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapa. Hata hivyo wapo watu wa mji huu wanaotamani tangi la kioo sebuleni, maji ya chumvi ndani yake, na kamba hai mwenye mgongo mwekundu uliopigwa mstari mweupe katikati. Kamba huyo, ambaye wataalamu humwita Lysmata amboinensis, anaishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi, na kazi yake ni kuwasafisha samaki wadudu waliowaganda. Tamaa hiyo ni njema, nami naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila mpokee kama mkwe: kwa heshima, kwa maandalizi, na bila kumgusagusa. Ukivunja adabu moja tu, hatagomba wala hatasusa. Atakufa.

Kanuni ya kwanza: nyumba iwe tayari kabla mkwe hajatoka kwao

Tangi la lita 100 linafaa kuanzia. Dogo zaidi ni nafuu dukani, lakini maji machache huchafuka upesi na kupata joto upesi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo lita 100 zinataka kilo tatu na nusu. Hapo kila mtu wa ukanda huu ataifikiria Uvinza. Chumvi ya Uvinza ni fahari yetu. Watu wamechemsha maji ya chemchemi zake za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Ibaki jikoni. Chumvi ya kula karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalisi, potasiamu na madini mengine ambayo kamba hawezi kuishi bila hayo. Agiza chumvi maalumu ya matangi ya baharini. Ikoroge kwenye ndoo safi, pampu iyazungushe maji usiku kucha, kisha upime kwa haidromita mpaka isome 1.025.

Maji yenyewe yachague kwa makini. Ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima pampu ikipuliza kabla ya kutia chumvi. Ya mvua yaliyopita juu ya bati jipya hubeba zinki, nayo ni sumu kwa kamba.

Kanuni ya pili: ngoja

Tangi limejaa, taa inawaka, mawe yamepangwa, na watoto wanauliza kamba yuko wapi. Waambie bado. Kila kinachooza majini hutoa amonia, na amonia huua. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua kati ya wiki nne na sita kuenea kwenye mawe na chujio, nao wanahitaji chakula. Wape kipande cha dagaa asiyetiwa chumvi, aoze taratibu ndani ya tangi. Pima kila baada ya siku chache kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda kisha ishuke, na naitraiti itafuata njia hiyo hiyo. Zote mbili zikisoma sifuri, badilisha sehemu ya maji, ndipo upige simu pwani.

Kanuni ya tatu: mapokezi yawe ya dripu

Mkwe amesafiri. Iwe kwa ndege, kwa basi au kwa treni ya Tabora na Kaliua, amekaa gizani ndani ya mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi. Maji ya mfuko na ya tangi lako hayalingani chumvi wala joto, na mwili wa kamba hauvumilii mabadiliko ya ghafla. Uache mfuko uelee ndani ya tangi dakika 20 ili joto lilingane. Kisha mhamishie kamba na maji yake kwenye bakuli, na uchukue mrija wa dripu kutoka duka la dawa, mpya na ambao haujapitisha dawa yoyote. Upande mmoja uutie kwenye tangi lililo juu, mwingine uning'inie juu ya bakuli. Kile kigurudumu kidogo cha kubana kifungue mpaka matone mawili hivi yadondoke kila sekunde. Acha yadondoke saa nzima, au mbili. Maji ya bakuli yakifika maradufu au zaidi, mtoe kamba kwa kikombe na umtie tangini polepole. Maji ya safari yamwage nje. Zima taa, ondoka, mwache apumzike. Maswali ya safari ilikuwaje yasubiri kesho.

Kanuni ya nne: mkwe hali mpaka kuvimbiwa

Kwetu heshima ya mgeni hupimwa kwa sahani, na hapa ndipo wengi wataharibu. Kamba mmoja hutosheka na chembe za chakula zinazoenea juu ya ncha ya kidole, na hata siku akikosa haumii. Kinachobaki baada ya saa moja kitoe kwa mrija. Chakula kilichosahaulika chini ya jiwe hurudi kuwa amonia, na mkarimu huishia kumzika mgeni wake.

Kanuni ya tano: usinyunyize

Kamba na mbu ni ndugu wa mbali, na dawa inayomwangusha mbu humwangusha kamba kwa kiasi kidogo sana. Dawa za mbu za kopo, chandarua chenye dawa kilichotundikwa karibu na tangi, mikono iliyotoka kupuliza dawa kwenye tumbaku au pamba: vyote hivyo viwe mbali. Wapulizia dawa wakija nyumbani, funika tangi kwa nailoni, zima pampu ya hewa kwa muda huo ili isivute mvuke, na uiwashe tena mara chumba kikipata hewa safi. Nawa mikono hadi kwenye kiwiko kabla ya kugusa maji, na uisuuze vizuri sabuni isibaki. Dawa nyingi za samaki wagonjwa zina shaba. Shaba humponya samaki na kumuua kamba, hivyo zisiingie tangini kabisa.

Kanuni ya sita: umeme, joto na mstari wa maji

Mpanda iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo, na maji hushika oksijeni pungufu. Yakipata joto hushika pungufu zaidi. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Mwezi wa Oktoba tangi likae kwenye chumba cha ndani, mbali na dirisha la magharibi, na feni ipulize juu ya maji. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri kabla umeme haujakatika.

Piga mstari wa kalamu kwenye kioo mahali maji yanapofika. Kiangazi yatashuka kila siku, na kinachopotea ni maji matupu, chumvi inabaki. Jazia kwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka kwenye mstari. Anayejazia kwa maji ya chumvi anaongeza chumvi kila siku bila kujua.

Kanuni ya saba: usililie gamba

Asubuhi moja utamkuta kamba amelala ubavu chini ya jiwe, mweupe, mtupu, macho na sharubu zikiwa mahali pake. Usipige yowe. Lile ni gamba. Mwenyewe yuko nyuma ya mawe, laini mwili mzima, anangoja gamba jipya ligande. Siku hizo mwache kabisa, usimulike wala usipangue mawe. Gamba kuukuu libaki, wengine hulirudia na kulila kwa ajili ya madini yake. Na kama unataka ukoo, weka wawili. Kamba huyu huanza maisha akiwa dume, kisha hukomaa akawa na jinsia zote mbili, hivyo wawili wowote wakikutana kila mmoja anaweza kubeba mayai.

Kwa asiye na fedha ya chumvi

Shuka Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na lina kamba wake wadogo wasiopatikana kwingine duniani. Viumbe wa ziwa hili walifanana na wa baharini kiasi kwamba Mwingereza J.E.S. Moore aliandika kitabu mwaka 1903 akitetea kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Jiolojia imekataa wazo hilo, lakini kamba wamebaki. Kwao huhitaji chumvi ya kuagiza. Kanuni nyingine zote zinabaki palepale, na kabla ya kuchota ulizia kwa maofisa wa uvuvi. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Ukitaka kuona kwa macho tangi lililoshindwa, nenda daraja la Ikuu, hifadhini Katavi, mwishoni mwa kiangazi. Mto Katuma unakuwa dimbwi, viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, samadi imejaa, oksijeni imekwisha, na samaki anayesalia ni kambare kwa kuwa huja juu kuvuta hewa. Kiangazi kimekuwepo siku zote, lakini makingio ya kumwagilia mpunga huko juu yameyapunguza maji yanayofika hifadhini. Maji machache, viumbe wengi, uchafu usio na pa kwenda: hesabu ni ile ile ya lita 100 za sebuleni. Aliyejifunza kutunza kamba wawili anaijua hesabu hiyo kwa vidole vyake, na ana wajibu wa kuisema kwenye kikao cha kijiji siku mgao wa maji ya Katuma unapojadiliwa.