Gari Zee na Mtungi wa Gesi

Jiko la mkaa halina siri. Likielekea kuzimika hukwambia mapema: makaa yanafifia, majivu yanapanda, maharage yanaacha kutokota, nawe unapata muda wa kupepea au kuongeza. Mtungi wa gesi una tabia nyingine. Unawaka bluu ile ile siku ya kwanza, ya kumi na ya ishirini, kisha siku wageni wamekwisha kunawa mikono na ugali uko nusu, unafanya “pu” na kukuacha umeshika mwiko. Hakuna anayesema mtungi ni mbaya. Kwa mengi ni bora kuliko mkaa. Kosa ni kuupikia kwa macho yaliyozoea mkaa. Kwa maoni yangu, kosa hilo hilo ndilo linalozaa vituko vingi vya kuliwekea gari zee la umeme betri ya kemia mpya. Watu hubishana kuhusu uzito, bei na kilowati-saa, na ubishi huo una haki yake. Lakini betri inaweza kuwa nzima kabisa na gari likalala njiani, kwa sababu tu hakuna aliyeliambia gari kwamba nyumba imehamia kwenye gesi.

Mfano mzuri ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwishoni mwa 2010. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24, yenye seli 192 zilizofungwa mbili mbili, jozi 96 kwa mstari mmoja, za lithiamu na manganizi kwa sehemu kubwa. Haikuwekewa maji ya kuipoza; ilitegemea upepo na huruma ya hali ya hewa. Huruma hiyo haikupatikana Phoenix, Arizona, ambako kufikia 2012 wenye magari hayo walikuwa wakilalamika kwamba vijiti vya uwezo wa betri kwenye dashibodi vinang'oka kama meno ya maziwa. Vijiti vyenyewe ni 12, na vina ujanja wake: cha kwanza hakiondoki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15 ya uwezo wake, kisha vinavyofuata huondoka kwa kila asilimia sita na kitu. Maana yake ni kwamba gari huficha uzee kwa muda mrefu, kisha huanza kuukiri kwa pupa. Mwaka 2014 Nissan ilitangaza Marekani betri mpya kwa dola 5,499, ya zamani ikirudishwa, nayo ilikuwa na kemia iliyoboreshwa kustahimili joto. Hata hivyo ilikuwa ndugu wa ile ya kwanza. Gari lilibadilishiwa mkaa kwa mkaa, na jiko halikushtuka.

Mambo yanageuka pale fundi anapoleta betri ya chuma na fosfati, ile inayoitwa LFP. Chanzo chake ni kazi iliyofanywa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas, mtu aliyekuja kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97. Inafaa kabisa kwamba dawa ya magari yaliyochoka imetoka kwa mzee ambaye mwenyewe alikataa kuchoka. Sifa za kemia hii si za kubuni. Haina nikeli, wala haina kobalti, madini ambayo sehemu kubwa ya kobalti yote duniani huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Hustahimili joto vizuri zaidi, huvumilia kujazwa na kumalizwa mara nyingi zaidi, na si nyepesi kushika moto. Kwa gari lililoharibikiwa na jua, hayo ndiyo maneno ambayo mwenye gari angetaka kusikia. Atakayesema kwa kupinga kwamba LFP ni nzito kwa umeme inaoubeba anasema kweli akiilinganisha na betri bora za nikeli za leo. Lakini gari zee halishindani na magari ya leo. Linashindana na betri lililotoka nayo kiwandani, na kilo kwa kilo seli za LFP za sasa zinakaribiana na zile za manganizi za 2010.

Sasa njoo kwenye kipimo. Seli ya manganizi ikijaa huwa na takriban volti 4.2, kisha hushuka taratibu kadiri inavyotumika, kama mkaa unavyofifia. Kompyuta ya gari ikiona volti, inajua tumbo lina kiasi gani. Seli ya LFP hukaa karibu volti 3.3 kwa sehemu kubwa kabisa ya safari, iwe imebakiza asilimia 80 au 30, kisha mwishoni huporomoka. Hiyo ndiyo tabia ya mtungi wa gesi. Tofauti ni kwamba mtungi wa jikoni unaweza kuuinua ukauonea wepesi; betri ya Leaf ina karibu kilo 300, na hata ukiwa na misuli ya kuiinua, uzito wake ni ule ule ikiwa imeshiba au ina njaa. Fundi akipanga seli 96 za LFP mahali pa zile jozi 96, betri iliyojaa hadi shingoni itaonyesha volti ambazo gari limezoea kuziona wakati wa kufa. Litaanza kulia njaa likiwa limeshiba, na dashibodi itawasha ile taa yenye picha ya kobe, ishara ya gari kujipunguzia nguvu na kuanza kutambaa. Polepole ndiyo mwendo, lakini si katikati ya barabara kuu. Akitaka volti zilingane, hesabu inadai seli 112 hivi. Hapo linatokea tatizo la harusi: kompyuta ya betri iliandaa viti 96, wageni ni 112. Wale 16 wasiohesabiwa ndio watakaoharibika bila mtu kujua, kwa kuwa hakuna anayewapima joto wala volti.

Utasikia kwamba mafundi wamekwisha kulimaliza hilo kwa kuweka kibao kidogo cha kielektroniki kati ya betri na kompyuta ya gari, kikipokea habari za betri mpya na kuzitafsiri ziwe kama za betri ya zamani. Ni kweli, na ni kazi ya akili nyingi. Lakini mkalimani hawezi kutafsiri ambalo halikusemwa. Betri ikinyamaza katikati ya safari, naye hubaki kuhesabu umeme unaoingia na kutoka, kama mwenye duka anavyoandika mikopo kwenye daftari. Daftari hukosea senti hapa na senti pale, na makosa hujumlishwa mpaka siku ya kufunga hesabu. Siku hiyo kwa LFP ni siku ya kuchaji hadi mwisho, maana hapo ndipo volti hupanda na kusema jambo la kuaminika. Asiyesadiki atazame wenye kiwanda: Tesla, ambayo imeuza magari mapya yaliyotoka kiwandani yakiwa na betri hizi, huwashauri wenye magari ya LFP wachaji hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki. Ikiwa gari lililozaliwa kwenye gesi linahitaji kukumbushwa kila wiki, lile lililolelewa na mkaa lisikumbushwe?

Kuna pingamizi lingine, nalo ni la kwetu kabisa. Daladala na bodaboda ngapi zina mshale wa mafuta uliokufa miaka mingi, na bado zinafika? Dereva hutikisa tangi, husikiliza, huendelea. Tena magari yanayokuja kutoka Japani kwa mtumba yametuzoesha kutoelewana na dashibodi: kila asubuhi sauti ya dada mpole hueleza kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa, nasi tunamwitikia kwa kuwasha redio. Ya nini basi kuhangaikia kipimo? Jibu ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Petroli ikiisha, utingo hutumwa nayo kituoni na baada ya dakika 20 mnaondoka mkicheka. Umeme hauletwi kwa chupa. Kipimo kikidanganya kwenye gari la petroli ni kero. Kwenye gari la umeme ni breakdauni, na kuna mtu wa kulipwa.

Kwa hiyo sisemi betri ya kemia mpya isiwekwe. Iwekwe, tena na fundi mwenye glavu za kuzuia umeme, maana volti karibu 400 hazina utani na mtu. Ninachosema ni kwamba mazungumzo ya bei yaanzie kwingine. Kabla ya kuuliza betri ina kilowati-saa ngapi, muulize fundi gari litajuaje kwamba zinakwisha, na nani anazitazama seli zote, hata za viti vya nyuma. Akikujibu kwa tabasamu na “usijali, bosi”, hapo ndipo pa kujali. Akikujibu kwa kuchora mstari ulionyooka unaodondoka ghafla mwishoni, mpe funguo. Halafu fanya kama mpishi yeyote aliyewahi kuaibishwa na mtungi: andika tarehe ulipojaza, hesabu umepika mara ngapi, na usiwaalike wageni siku ya ishirini na tisa.