Kila Mpita Njia ni Fundi Rangi

Kupulizia gari rangi ni kazi ya saa chache. Kuliandaa hadi lifikie kupuliziwa ndiko kunakovunja ndoa. Nina Peugeot 504 uani kwangu Mbezi Luis, urithi wa baba mkubwa, na tangu livuliwe rangi limekuwa mali ya mtaa mzima.

Gari likiwa na rangi yake, mtu hupita, akasalimia, akaenda zake. Likiwa uchi, kila mpita njia ana neno. Dereva wa bodaboda anazima pikipiki, anagonga fenda kwa ukucha, anasikiliza, kisha anatoa hukumu: "Shikamoo mzee. Hapa kuna puti." Namjibu marahaba, nikisubiri ankara ya ushauri. Jirani yangu mstaafu yeye husimama getini na kikombe cha chai, akanikumbusha kwamba 504 ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudia mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Ni kweli, ingawa ile ya 1978 ilikuwa ya milango miwili, yenye injini ya V6. Hii ya kwangu haijapata kuishinda hata foleni ya Kimara.

Ukikwangua gari la zamani unasoma wasifu wa wenyewe wote. Chini ya nyeupe tulikuta bluu, chini ya bluu kijani, na kwenye fenda ya nyuma tukakuta puti nene kama kidole gumba. Fundi aliigonga kwa nyundo ikadondoka kipande kizima. Ndani yake mlikuwa na gazeti lililoviringishwa, na nyuma ya gazeti saruji. Fundi alikiangalia kile kipande pande zote, akakiweka chini taratibu. "Huyu aliyetangulia," akasema, "alikuwa mwashi."

Tukakata kutu, tukachomelea bati jipya, tukaingia kwenye puti. Puti haigandi mpaka uichanganye na hadna, nayo hadna ni kidogo tu, asilimia 2 au 3 ya uzito wake. Joto la Dar nalo linaongeza kasi. Sasa siku hiyo Simba na Yanga walikuwa wanacheza, na kijana wa fundi akakamua hadna kwa kipimo cha mtu anayewahi mechi. Puti ikaganda ubaoni kabla haijaona gari, ikiwa imekumbatia kisu cha kupakia. Kisu chenyewe kilikuwa cha siagi, kilichotoka jikoni bila ruhusa ya mama mwenye nyumba. Mechi waliiwahi. Mimi nikabaki kutoa maelezo.

Puti ikishakauka hupigwa msasa, unaanza na namba 80 wenye meno, unapanda 180, kisha 320. Hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe. Fundi alifunika kiganja kwa kitambaa chepesi, akafumba macho, akapitisha mkono polepole kutoka mlangoni hadi kwenye taa. Akasimama mahali ambapo mimi niliona pamenyooka kabisa. "Pana bonde hapa, mzee." Akapulizia vumbi jembamba la rangi nyeusi, akapitisha msasa uliofungwa kwenye kibao, pote pakatakata, isipokuwa doa jeusi palepale aliposema. Bodaboda watatu waliokuwa wakishauri walinyamaza. Walinyamaza kwa dakika nzima.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni anga. Wakati wa kusi kuna vumbi, na tangu stendi ya Magufuli ifunguliwe mwaka 2021, bajaji zimegundua kwamba mtaa wetu ni njia ya mkato. Masika ni mvua, na praima ya kawaida inapitisha maji. Ukiliacha gari nje, kutu inaanza kazi upya chini kwa chini. Kaskazi ni joto: rangi inakauka hewani na kufika kwenye bodi ikiwa unga. Vuli ni unyevunyevu, na rangi inayokauka haraka kwa thina inatoka na ukungu mweupe. Nimeipekua kalenda yote, mwezi wa kupaka rangi haumo.

Dawa ya vumbi ni kumwagia ardhi maji kabla ya kupuliza. Tukamwaga, ardhi ikatulia, praima ya kijivu ikakaa kwenye boneti vizuri ajabu. Lakini ardhi yenye maji ina minyoo, na penye minyoo kuku wa jirani hawakosekani. Mmoja alishiba, akapanda boneti kupumzika, akatembea kutoka taa ya kushoto hadi kwenye kioo. Nilipomwita mwenyewe, jirani alikana katakata: kuku wake walikuwa bandani tangu asubuhi. Wakati huohuo kuku akapita katikati yetu, miguu ya kijivu hadi magotini.

Msomaji mwenye gari la zamani, sikukatishi tamaa. Chagua alfajiri, kabla bodaboda hawajaamka. Mwagia uwanja maji, funga kuku wa kwako na wa jirani, na hadna ikae kwako mwenyewe, hasa siku ya mechi ya watani. Ukishindwa yote hayo, endesha hivyohivyo na praima yako. Kijivu nacho ni rangi.