Barua ya Wazi Kuhusu Mapanki ya Kiswahili

Kwa Uongozi wa CGTN, Beijing, na kwa kupitia kwao runinga zote za kimataifa zinazovuna habari Afrika Mashariki.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA SAUTI ZILIZOFUNIKWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote barua hii inatoa pongezi, ingawa zimechelewa, kwa hatua ya tarehe 31 Desemba 2016, siku ambayo chaneli za nje za televisheni ya taifa ya China, zilizojulikana kwa miaka mingi kama CCTV, zilivuliwa jina la zamani na kuvishwa jina la CGTN pamoja na nembo mpya, huku zikisema na ulimwengu kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiarabu na Kirusi. Kujivika upya kwa namna hii, ambako wafanyabiashara hukuita kujenga chapa, yaani kubadili jina, nembo na rangi ili mteja aamini kwamba na bidhaa imebadilika, ni jambo linaloeleweka vizuri Uswahilini, ambako daladala hupakwa rangi mpya bila injini kuguswa na abiria wakaambiwa wapande, gari ni jipya.

Pongezi hizo zingetolewa kwa mikono miwili kama mtoaji asingekuwa anahesabu kwa vidole vya mmoja. Lugha zimetajwa tano, zikaenea kiganja kizima, na lugha ya sita haikupata kidole, ingawa ndiyo inayosemwa na mlinzi wa getini, mpika chai na dereva katika jiji la Nairobi, ambako shirika hili lilifungua kituo chake cha Afrika Januari 2012 na kutoka humo likaanza kulieleza bara la Afrika kwa Kiingereza. Wala haiwezekani kudai kwamba Beijing haikijui Kiswahili, kwa sababu Radio Peking ilianza kutangaza kwa lugha hiyo mwaka 1961, na mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa nchini Tanzania kwa Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Matokeo yake ni maajabu ambayo wanazuoni wa mawasiliano bado hawajayapa jina: mkamwana wa Beijing akigombana na mama mkwe kwenye runinga hugombana kwa Kiswahili, lakini mama wa Mwanza aliyezaliwa nacho, akitokea kwenye habari za kimataifa, huzungumza Kiingereza asichokijua.

Utaratibu unaoleta maajabu hayo unaweza kuitwa ufunikaji, maana yake kuishusha sauti ya msemaji mwenyewe hadi iwe mnong'ono ili sauti ya mfasiri isikike juu yake, na ndiyo desturi ya runinga karibu zote za kimataifa, za Mashariki na za Magharibi. Ichukuliwe, kwa mfano, taarifa ya dakika mbili kuhusu kupungua kwa samaki katika Ziwa Victoria, ambamo mama anayekaanga samaki pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anasogezewa kipaza sauti na kusema kwa pumzi moja: "Mwanangu, sangara siku hizi anaringa kuliko bwana harusi, nyavu tunazo, mitumbwi tunayo, ila yeye haji, na akija anapanda gari la barafu kabla hata hatujamwamkia, sisi tunabaki na mapanki, ndiyo hivyo." Hayo ni maneno 30. Mtazamaji anasikia "Mwanangu, sangara", kisha mama anazama, juu yake anaelea binti mwenye lafudhi ya ng'ambo anayesema kwa Kiingereza kwamba kipato kimeshuka, na mwishoni mama anaibuka kuvuta pumzi kwa "ndiyo hivyo". Yamebaki maneno manne.

Mapanki, kwa faida ya Uongozi, ni kichwa, mkia na miba ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kuchuna minofu na kuisafirisha nje ya nchi, nayo hukaangwa na kuuzwa kwa wale ambao mnofu wa ziwa lao umewapita bei. Hakuna neno linaloeleza vizuri zaidi kinachofanywa na ufunikaji, kwani kauli ya mama huyo ilikuwa na bwana harusi, maringo, gari la barafu na kejeli iliyoiva, na vyote hivyo ndivyo mnofu. Kilichorudishwa kwa wenye lugha ni kichwa na mkia.

Kwa kuzingatia hayo, Uongozi unaombwa mambo machache madogo na moja kubwa. Madogo ni haya: taarifa ya Afrika isifungwe tena kwa mti wa mgunga na jua linalozama, kwa sababu huku jua pia huchomoza, bibi anayehojiwa atajwe kwa jina lake, hata kama ni refu kuliko la mtangazaji, na neno "Jambo" liachiwe watalii.

Kubwa ni kuanzishwa kwa chaneli mpya ya saa 24, itakayoitwa Chaneli ya Mapanki, ambayo kazi yake pekee itakuwa kurusha Kiswahili chote kilichowahi kufunikwa. Gharama yake ni ndogo mno, kwa kuwa picha zimekwisha kupigwa, wasemaji wamekwisha kusema, na kilichobaki ni kumwomba fundi aipandishe sauti aliyoishusha mwenyewe. Nembo haitahitaji mshauri wa kulipwa kwa dola: ni sangara aliyebaki kichwa na mkia, na katikati, pale palipokuwa na mnofu, pameachwa peupe.

Matangazo yataanza saa 12 asubuhi, kwa saa za Kiswahili zinazohesabu kuanzia jua lichomozapo, kwa kipindi cha salamu, ambacho kitaunganisha kila shikamoo, kila marahaba na kila "watoto hawajambo?" iliyokatwa na wahariri kwa hoja kwamba haibebi habari, kana kwamba kuna habari inayoweza kutolewa Uswahilini kabla ya watu kujuliana hali. Saa 4 asubuhi kitafuata kipindi cha methali, kwa kuwa mzee akihojiwa hutanguliza methali, na mfasiri akikutana na methali huiruka kama mtu arukavyo dimbwi. Saa 9 alasiri ni zamu ya "Samahani, Sijamaliza", ambapo sentensi zilizokatwa katikati zitaruhusiwa kufika mwisho wake, hata kama mwisho huo unamgusa mfadhili wa mradi aliyesimama nyuma ya kamera.

Taarifa ya habari ya saa 2 usiku itakuwa ndiyo fahari ya chaneli, kwa sababu humo ufunikaji utageuzwa. Balozi, mkurugenzi wa benki au mtaalamu wa maendeleo ataanza kuzungumza kwa lugha yake, atasikika kwa sekunde mbili, kisha atafunikwa na sauti ya mpiga debe wa Buguruni, yule anayeita abiria kituoni, ambaye amechaguliwa kwa uzoefu wake wa kueleza safari ndefu kwa maneno machache. Hotuba ya robo saa kuhusu ushirikiano wenye manufaa kwa pande zote itafasiriwa, "Anasalimia." Uchambuzi wa riba na deni la taifa utafasiriwa, "Anasema mtalipa." Msemaji akilalamika kwamba amefupishwa kupita kiasi, malalamiko yake nayo yatapokelewa, yatafunikwa, na yatafasiriwa, "Ameshukuru."

Uongozi ukiona ombi hili ni la kipuuzi, basi ufikirie jioni moja nyumbani kwa mama wa Mwaloni. Ameambiwa atatokea runingani, amefua khanga, ameita majirani na wajukuu wamekaa mkekani. Uso wake unatokea, mdomo wake unafunguka, na ndani yake anatoka mtu mwingine. Wajukuu wanacheka na kuuliza, "Bibi, kumbe unajua Kiingereza?" Bibi hana la kujibu, maana amenyang'anywa hata jibu, na hakuna nembo, rangi wala jina jipya linaloweza kupamba tendo hilo. Walichukua uso wake, jiko lake, moshi wake na umaskini wake, wakaacha kitu kimoja tu alichokuwa nacho bora kuliko wao, yaani ulimi. Huo ni wizi.

Barua hii inaomba radhi kwa neno hilo la mwisho, ambalo limeponyoka, na inapendekeza lisomwe "uhariri".

Ni kweli kwamba Kiswahili hakijaachwa uani kabisa, kwa kuwa BBC ilianza kukitangaza redioni mwaka 1957 na Deutsche Welle mwaka 1963, na heshima hiyo haisahauliki. Hata hivyo, UNESCO ilikwisha kuitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi, kwa hiyo kisingizio kwamba lugha hii ni ya sokoni tu kimekwisha muda wake, ingawa sokoni nako, kama ilivyooneshwa, ndiko inakosemwa vizuri zaidi. Redio iliyafungulia masikio mlango miaka 60 na zaidi iliyopita, lakini kwenye chaneli za CGTN macho bado yanaambiwa yasubiri barazani mpaka chapa nyingine itakapozinduliwa.

Iwapo Chaneli ya Mapanki itaonekana mzigo, Uongozi unaweza kuchagua njia ya mkato na kuanzisha chaneli ya Kiswahili ya kawaida. Iwapo na hiyo ni mzigo, basi yatosha kuweka manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya kioo, ili Mwingereza asome na mama asikike. Maandishi hayapigi kelele.

Wenu katika ujenzi wa lugha,

Watazamaji wa Chini ya Sauti

Nakala kwa:
Runinga nyingine zote za kimataifa, kwa utekelezaji.
Mpiga debe wa Buguruni, akae tayari.
Mama wa Mwaloni, Kirumba, Mwanza, asomewe barua yote, bila kufupishwa, na akianza kujibu asikatizwe.